Mume wangu amenikataza kumwambia daktari jinsi Aroni alivyokufa

Mpendwa Bibi Mwanakhamisi, nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama nitachanganya mambo, maana ndivyo kichwa changu kilivyo kwa sasa, na mtoto wangu anafanyiwa upasuaji tarehe kumi na nne, na mpaka leo hii sijui nikinyamaza namlinda au namuua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, kwetu Tukuyu, ila nimeolewa huku Kilolo na mwanaume wa Kihehe anaitwa Liberatus, tunalima viazi na njegere, tuna mtoto mmoja tu, Sabina, ana miaka sita. Nilipoingia kwenye huu ukoo kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa kisima, ni kwamba mume wangu alikuwa na mdogo wake anaitwa Aroni, akafa hospitali akiwa na miaka kumi na tisa, alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na aliyemuua ni shangazi yao Benedicta, dada wa baba mkwe, kwa sababu jana yake alimpelekea uji wodini, na maiti ilitoka ya moto na imekakamaa, wakasema hiyo ni sumu au ni mambo mengine, na tangu siku hiyo, mwaka huu ni wa kumi na nne, shangazi hasalimiwi, hata baba mkwe alipofariki alikaa nje ya uzio mpaka tukamaliza kuzika. Mimi nilikubali hilo kama nilivyokubali mengine, mgeni utauliza nini.

Sasa miaka miwili iliyopita nilikwenda sokoni Iringa mjini na Sabina mgongoni, nikanunua maharage kwa mama mmoja mtu mzima, nikaona anamwangalia sana mtoto, akaniambia, "Huyu ni wa kwa Kalinga, si ndiyo? Kapaji hako ni ka marehemu kaka yangu." Nikajua ndiye. Nilitaka kuondoka lakini mfuko wangu ulikuwa bado mikononi mwake, na yeye akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza habari za mvua.

"Mwanangu, mimi siku ile nilikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Niliona manesi wanakimbia na ndoo za maji ya baridi, mwingine kabeba barafu. Daktari alipotoka alituambia mimi na kaka kwamba Aroni alipewa nusu kaputi na mwili ukaikataa, taya likakaza, joto likapanda mpaka moyo ukasimama. Akasema hiyo hali inatembea kwenye damu, ndugu yeyote akienda kupasuliwa aseme mapema. Akatuandikia na karatasi. Kaka aliichana tukiwa palepale hospitali."

Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hukusema?"

Akasema, "Nimesema mara ngapi? Wameshaniita mchawi, nani atasikiliza maneno yangu?"

Nilirudi nyumbani na maharage yangu na sikumwambia mtu. Sikujua kama nimeambiwa ukweli au nimechezewa akili. Nikaacha.

Mwezi wa tatu mwaka huu mume wangu akalazwa kwa ajili ya ngiri. Siku moja kabla ya upasuaji alikuja kitandani kaka mmoja mtaalamu wa usingizi, anaitwa Habibu, ana faili, akawa anauliza maswali yake, una presha, una pumu, una jino linalocheza, unatumia dawa gani, halafu akauliza, "Kuna ndugu yeyote wa damu aliyewahi kupata shida akiwa kwenye dawa ya usingizi?" Mama mkwe akajibu kabla mume wangu hajafungua mdomo, "Hakuna." Mume wangu akageukia ukutani. Nikamwona Habibu anaandika hilo neno kwenye faili, nikasema naenda kufua kanga, nikamfuata koridoni, nikamweleza yote harakaharaka huku natazama nyuma. Aliniuliza maswali mengi ambayo sikuwa na majibu yake. Mwisho akasema, "Mama, sina uhakika kama ndicho chenyewe, lakini sitabahatisha. Nitamchoma ganzi ya mgongoni, zile dawa sitazigusa."

Mume wangu akapasuliwa akiwa macho, akatoka salama. Kesho yake Habibu akaja kumwangalia, akacheka naye, akasema mbele ya mama mkwe, "Kaka, mshukuru mkeo. Angekaa kimya tungekupa dawa nyingine." Bibi, ile wodi ilikuwa na watu kumi na wawili, na mama mkwe alinigeukia mimi.

Tulipofika nyumbani mama mkwe aliita kikao, wakaja na shemeji zangu wawili. Akaniuliza, "Mama Sabina, nani alikwambia habari za Aroni na joto?" Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilikana. Nilisema sijamwambia Habibu chochote, atakuwa amechanganya wagonjwa, na nilipoona hawaniamini nikasema labda aliyekwenda hospitali ni shangazi Benedicta, kwa sababu nilimsikia sokoni akiulizia ugonjwa wa Liberatus. Ni uongo mtupu, sikuwahi kumsikia. Keshokutwa yake shemeji zangu walikwenda sokoni wakamwaga maharage yake kwenye tope, wakamwambia wasimwone tena Iringa. Sasa yuko Makongolosi kwa binti yake, anayepikia wachimba dhahabu. Hizo habari zilinikuta shambani napalilia, na mimi nikaendelea kupalilia.

Mume wangu lakini hakudanganyika. Aliniambia tukiwa wawili, "Najua ni wewe. Na ungekaa kimya ingekuwa vilevile tu, maana nimetoka mzima." Na kweli katoka mzima.

Sasa ni Sabina. Ana mafindofindo, kila mwezi homa, chakula hakipiti, amekonda, na daktari wa koo amesema yatolewe tarehe kumi na nne hapo Iringa. Nikauliza, na huyu mtamchoma ganzi ya mgongoni? Akasema hapana mama, huyu lazima alale kabisa. Nilimwomba mume wangu aseme habari ya Aroni. Akaniambia, "Ukilitamka tena hilo jambo, urudi kwenu Tukuyu. Tarehe kumi na tatu nampeleka mimi na mama, wewe utabaki." Na kadi ya mtoto ameichukua. Nikamuuliza kwa nini unaogopa hivi kusema neno moja tu, akasema, "Kama ni damu, basi shangazi tumemfanya nini miaka yote hii?" Akatoka nje.

Bibi, mimi sielewi tena. Siku nyingine naamka naamini shangazi, siku nyingine nasema labda ni kweli alimpa yule kijana kitu na mimi amenipanga nimsafishe. Habibu mwenyewe alisema hana uhakika. Katekista wetu kaniambia mke mwema haanzishi moto kwenye nyumba ya mume. Nimewaza kumtorosha mtoto kwenda Tukuyu mpaka tarehe ipite, lakini hata uji anaumeza analia. Nimewaza kunong'ona tena kama nilivyofanya, lakini nimeshaona kunong'ona kwangu kulimfikisha nani wapi. Nikisema na mtoto akatoka salama, wataniambia si unaona hakukuwa na kitu. Nisiposema na akatoka salama, nitakuwa nimepatia au nimekosea? Hata hilo sijui. Nisaidie kabla ya hiyo tarehe.

Mama Sabina, Kilolo.

BIBI MWANAKHAMISI ANAJIBU

Mama Sabina, majibu haya nilikusomea kwenye simu Jumatatu, siku nane kabla ya tarehe yako, kwa sababu uliweka namba na mtoto hawezi kungoja gazeti litoke. Majina nimeyabadilisha. Maneno nayachapa kama nilivyokuambia, pamoja na ukali wake.

Umeniletea mambo mengi umeyafunga kamba moja: mtoto, mume, mama mkwe, shangazi, ndoa, uongo wako. Ndiyo maana huoni pa kushika. Yafungue. La Sabina lina tarehe. Mengine hayana, na yatangoja.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kumwona mama mmoja hapa Mbeya ambaye amelaza watu na kuwaamsha kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimsomea kipande cha Aroni peke yake. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini akaniambia nirudie. Alisema hali ya namna hiyo ipo. Ni nadra, wengi wa wenzake hawajawahi kuikuta, lakini ikikutwa bila kutarajiwa inaua kwa muda mfupi. Mtoto anaweza kuirithi kwa mzazi ambaye mwenyewe hajawahi kuumwa hata siku moja. Zipo dawa za usingizi zinazoiamsha, na zipo zisizoiamsha, na mtu anaweza kulazwa kabisa kwa hizo za pili, akapasuliwa, akaamka. Kinachotakiwa ni wajue mapema, waandae dawa na mashine, na kama hapo walipo hawana uwezo wa kuandaa, wampeleke panapoweza.

Nilimuuliza, "Na kama Aroni alikufa kwa kitu kingine?" Akajibu, "Basi tutakuwa tumejisumbua bure, na mimi kujisumbua bure nakupenda sana."

Kwa hiyo hebu acha kutafuta uhakika, Mama Sabina. Kazi ya uhakika si yako. Yako ni kusema ulichosikia na nani alikuambia, basi. Na mumeo kutoka mzima mwezi wa tatu hakuthibitishi chochote, kwa sababu hizo dawa zenyewe hakupewa. Mwambie hivyo.

Mtoto usimtoroshe. Upasuaji usiufute. Jumatano, usingoje tarehe kumi na tatu, panda gari uende hospitali, uulize ofisi ya wataalamu wa usingizi. Wewe ni mama yake, huhitaji kadi wala ruhusa ya mtu kusema unachojua juu ya mwanao. Sema jina la Aroni, mwaka aliokufa, umri wake, alipasuliwa nini, na walioona waliona nini. Usiondoke mpaka uone wameandika kwenye faili la Sabina, na uwaombe wakusomee walichoandika.

Lakini safari hii usinyemelee koridoni. Mwambie mumeo kabla, mchana, mkiwa wawili. Mwambie, "Baba Sabina, Jumatano naenda kueleza habari ya Aroni. Nakuambia mapema ili usisikie kwa mwingine. Ningependa twende wote." Kisha nyamaza. Usibishane, usilie, usimtaje mama yake. Ametishia kukurudisha Tukuyu; hilo ni tishio zito na silifanyii mzaha, ila utalishughulikia Sabina akiwa hai. Akikuzuia kwa nguvu, pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, wapigie, wao wana njia ya kumfikia mtaalamu bila wewe kutoka nyumbani.

Mumeo simchukii. Soma tena sentensi yake mwenyewe. Huyo mtu hakuuliza kama mtoto yuko hatarini. Aliuliza wamemfanya nini shangazi yake. Maana yake hatari ameshaiona, na kinachomfunga mdomo ni aibu ya miaka kumi na minne. Mama mkwe wako naye alizika mtoto, na ni rahisi kumchukia mtu kuliko kuichukia dawa. Waonee huruma wote wawili, ila usiwape Sabina alipe hiyo aibu.

Kwa huyo Habibu, kama anasoma: ulifanya vema sana kusikiliza, na ulikosea sana kuropoka. Mke akikufuata koridoni akiangalia nyuma, hujiulizi anamwogopa nani?

Sasa wewe. Nimekuhurumia kurasa mbili nzima, hapa sikuhurumii. Yule shangazi alikupa kitu ambacho pengine kilimwokoa mumeo, na wewe siku ulipobanwa ukamtupa mbele za watu kwa maneno ya kutunga. Amemwagiwa biashara yake, amehama mji, akiwa na umri huo, kwa sababu ya sentensi yako moja. Unasema ulikuwa unaogopa. Najua. Yeye naye alikuwa anaogopa pale sokoni alipoamua kukuambia, na alikuambia hata hivyo. Sabina akishapona utakwenda Makongolosi kwa miguu yako mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu, usitume mtu, usitume gunia la viazi.

Mama Sabina aliniandikia tena baada ya wiki tano, akanipa ruhusa niweke hapa.

"Bibi, nilimwambia mchana kama ulivyosema, alikuwa anachagua mbegu za viazi. Aliendelea kuchagua. Jumatano nilipofika barabarani nikamkuta amesimama, amevaa shati la kanisani, kadi ya mtoto iko mfukoni. Tukapanda gari moja mpaka Iringa.

"Alitupokea sista mmoja wa usingizi anaitwa Naima. Aliuliza lile swali lilelile la Habibu, na mimi nikawa ndiyo nafungua mdomo, nikasikia mume wangu anasema, 'Mdogo wangu. Aroni. Alikuwa na miaka kumi na tisa.' Sista alitaka kujua kilianza nini, taya au joto, na ilichukua muda gani, na mimi na mume wangu hatukuwepo siku hiyo. Akauliza, 'Nani alikuwepo aliye hai?' Mume wangu akasema, 'Shangazi yangu.' Sista akasema, 'Mpigie.'

"Nilidhani itabidi tutafute namba. Kumbe mume wangu alikuwa nayo kwenye simu yake, ameiandika Shangazi B. Akapiga, akasimama, akasema, 'Shikamoo shangazi. Ni Liberatus,' kisha akampa sista simu. Waliongea muda mrefu. Sista aliandika ukurasa mzima. Kila nilipomwangalia mume wangu alikuwa anaangalia ule ukurasa unavyojaa.

"Walisema pale hawawezi kuandaa kila kitu, wakatupa rufaa kuja Mbeya. Sabina alipasuliwa wa kwanza asubuhi, mashine walishaipitishia hewa safi kuondoa mabaki ya dawa za wengine, usingizi wake ukapita kwenye mshipa tu. Alipoamka aliomba soda. Hakupata joto, hakupata chochote, na mimi bado sijui kama ni kwa sababu tulisema au kwa sababu hakuwa nacho. Wamesema kwa sasa hawawezi kumpima, ila ametengenezewa kadi ya kuonyesha popote atakapotibiwa maisha yake yote, na mume wangu naye anayo.

"Mama mkwe hakuja Mbeya. Tuliporudi aliniuliza kitu kimoja tu, kama hiyo damu ni yake au ni ya marehemu mumewe. Nikamwambia mama, sijui, hata wao hawajui. Akaomba nimwonyeshe hiyo kadi. Hajui kusoma, lakini aliishika muda mrefu.

"Kurudishwa Tukuyu hakujatajwa tena. Shemeji zangu hawaongei na sisi. Jumamosi mimi na mume wangu tunakwenda Mbeya, halafu tunapanda gari la Chunya mpaka Makongolosi. Yeye ana lake la kusema na mimi nina langu, na langu sijui nianzie wapi."

Anzia kwenye kile kikao, Mama Sabina. Mwambie ulisema nini, na mbele ya nani, na mumeo awe amekaa hapo anasikia. Usianze na habari ya Sabina kupona. Hiyo ni habari njema, na utajificha nyuma yake.